Ukikimbia, misuli hukopa

Miguu yangu ina malalamiko.

Jumamosi ya juma lililopita nilihudhuria siku ya michezo katika shule anakosomea binti yangu. Baada ya watoto kukimbia na kuruka magunia, mwalimu akashika kipaza sauti na kutangaza mbio za wazazi: mzunguko mmoja wa uwanja, mita 400. Binti yangu alinitazama kwa namna ambayo mzazi hawezi kukataa. Nilivua koti nikampa mama watoto, nikakunja suruali na kujipanga mstarini pamoja na akina baba wengine.

Filimbi ilipolia nilitoka mbio kama mtu aliyenyakuliwa simu kwenye matatu. Mita 100 za kwanza nilikuwa mbele. Mita 200 bado nilikuwa mbele, na sauti ya binti yangu nikiisikia waziwazi. Lakini kwenye kona ya pili mapaja yakaanza kuwaka kana kwamba yamepakwa pilipili, na nilipofika mita 300 miguu haikuwa yangu tena. Mzee mmoja mwenye mvi, babu wa mtoto mmojawapo, ambaye tangu mwanzo alikuwa akija nyuma yetu polepole kama anayetumwa dukani, akanipita bila hata kunitupia jicho. Nilimaliza wa sita, nikajibwaga nyasini nikihema.

Binti yangu akaja na chupa ya maji. Alinitazama kitambo, kisha akauliza, "Baba, umeshaacha kukimbia. Mbona bado unahema?"

Swali hilo, msomaji, ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watu wazima. Kabla sijalijibu, jirani yetu mmoja ambaye hapa nitamwita Mama Wanjiru, kwa kuwa hakutaka jina lake lichapishwe, akasogea. Kitinda mimba wake anasoma na binti yangu, lakini wasiwasi wake ulikuwa juu ya mkubwa, aliye Kidato cha Pili. Msichana huyo hukimbia mita 800 na amechaguliwa katika timu ya shule. Majuma matatu yaliyopita alimaliza mbio, akaanguka nyasini, akatapika. Mama alikuwepo. Tangu siku hiyo amempiga marufuku kukimbia, na nyumbani hakuna amani.

"Baba Achieng," akaniambia, "ikiwa wewe mtu mzima umeanguka namna hii, mtoto je? Moyo wake si utapasuka? Wewe huandika gazetini. Liulizie jambo hili uliandike, nami nitasoma."

Basi Mama Wanjiru, nimeuliza na kusoma. Keti na chai yako tulizungumze, ingawa hiyo chai nayo nina neno nayo mbele kidogo.

Tuanze na misuli yenyewe. Misuli haijui ugali wala chapati. Chakula chote tulacho hakiwezi kuisogeza hata kidole mpaka kwanza kigeuzwe kuwa kemikali moja ambayo wanafunzi wa Biolojia wanaifahamu kwa herufi tatu, ATP. Hiyo ndiyo sarafu pekee ambayo misuli hupokea. Ajabu ni kwamba mwili hauweki akiba kubwa ya sarafu hiyo. ATP yote iliyomo mwilini mwako dakika hii haifiki robo kilo, na mtu anayekimbia kwa kasi yake yote angeimaliza iliyo katika misuli ya miguu kwa muda wa sekunde mbili au tatu tu. Kwa hivyo mwili hauna budi kuitengeneza upya bila kukoma, usiku na mchana, hata ukiwa umelala.

Mwili una njia tatu za kuitengeneza. Nitazieleza kwa lugha ya mfuko, maana mwisho wa mwezi sote tunaielewa.

Njia ya kwanza ni ile noti uliyoificha kwenye soksi. Ndani ya misuli mna kemikali iitwayo kreatini fosfeti, ambayo hurudisha ATP mara moja bila kungoja chakula wala pumzi. Kasi yake haina mfano, lakini inakwisha upesi: ukikimbia kwa nguvu zote, baada ya sekunde kama kumi sehemu kubwa imekwenda. Mnamo Septemba 18, 2021, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 uwanjani Kasarani kwa sekunde 9.77. Mbio kama hizo huisha karibu wakati ule ule noti ya soksi inapoisha, na oksijeni anayovuta mkimbiaji njiani haimsaidii sana katika mbio hizo zenyewe.

Njia ya pili ni kukopa kwa yule jamaa wa kioski. Misuli huchukua sukari, yaani glukosi, na kuivunja nusu nusu bila oksijeni. Kazi hii hufanyika haraka mno, ndiyo maana ilinipeleka mbele mita 200. Lakini faida yake ni ndogo ya kuhuzunisha: kwa kila chembe moja ya glukosi mwili hupata ATP mbili tu. Ni sawa na kuuza ng'ombe kwa bei ya kuku kwa sababu karo inatakiwa leo asubuhi. Mabaki yake ni lakteti, ndugu wa asidi ya maziwa.

Jina hilo lisikushangaze. Carl Wilhelm Scheele, mkemia wa Sweden, aliipata asidi hiyo mwaka 1780 katika maziwa yaliyochacha. Ni ile ile inayoyapa maziwa lala yako ladha ya ukali. Vijidudu vya kwenye maziwa huvunja sukari bila oksijeni na kuacha asidi. Misuli yako kwenye kona ya pili hufanya jambo linalofanana sana na hilo. Hamira nayo huvunja sukari bila oksijeni, ila yenyewe huacha pombe na hewa. Nashukuru misuli haikuchagua njia ya hamira, la sivyo kila mkimbiaji angefika utepeni akipepesuka kwa sababu nyingine.

Pamoja na lakteti hiyo, misuli inayofanya kazi kwa kasi hujaa ukali wa asidi na mabaki mengine ya kemikali, na hapo ndipo ule moto wa mapaja unapotokea. Mishipa ya fahamu huupeleka ubongoni kama malalamiko, na misuli yenyewe hushindwa kujikunja kwa nguvu kama mwanzo. Mtu hushuka kasi apende asipende.

Njia ya tatu ni mshahara. Ndani ya seli za misuli mna vijumba vidogo sana viitwavyo mitokondria. Humo, glukosi huchomwa kabisa kwa oksijeni hadi ibaki maji na hewa ya kaboni, ile unayoitoa puani. Chembe ile ile ya glukosi ambayo bila oksijeni ilileta ATP mbili, hapa huleta kama 30. (Vitabu vya zamani vya shule vilisema 36 au 38, hesabu ilipunguzwa baada ya wataalamu kupima vyema zaidi, kwa hivyo mzazi usimgombeze mtoto akikuletea tarakimu tofauti na uliyokariri.) Tena ni katika njia hii peke yake mwili unapoweza kuchoma mafuta. Bila oksijeni, mafuta hayashikiki. Wenzangu mnaotaka kitambi kipungue, mwendo wa haraka wa dakika 40 unaoweza kuongea ukiwa ndani yake utachota kwenye ghala hilo kwa utulivu zaidi kuliko mbio za kufa na kupona za dakika moja.

Ubaya wa mshahara ni kwamba hauji siku unayoutaka. Oksijeni lazima ivutwe mapafuni, ibebwe na damu, isukumwe na moyo, ifike mguuni. Unapoanza mbio ghafla, moyo na mapafu huchukua kama dakika mbili au tatu kabla ya kufikia kiwango kinachotakiwa. Mimi, kwa mbio yangu ya dakika moja na nusu, nilikuwa nimeshaanguka kabla mshahara haujatoka wote.

Watu wengi hudhani mwili una swichi: hapa oksijeni imezimwa, pale imewashwa. Hata mimi niliamini hivyo tangu shuleni. Sivyo. Njia zote tatu huanza pamoja tangu hatua ya kwanza. Kinachobadilika ni nani anayebeba mzigo mkubwa. Katika mita 100 karibu kazi yote ni ya noti ya soksi na kioski. Katika marathoni karibu yote ni ya mshahara. Mita 800, mbio za binti wa Mama Wanjiru, ziko katikati pale pabaya. Zaidi ya nusu ya kawi yake hutokana na oksijeni, lakini sehemu iliyobaki hukopwa, na hukopwa kwa wingi. Ndiyo maana wanariadha wenyewe huziogopa.

Sasa turudi kwa swali la binti yangu. Mbona nilihema baada ya kusimama?

Kwa sababu deni hulipwa baada ya mbio. Mtaalamu Mwingereza Archibald Hill, aliyetuzwa Nobel ya mwaka 1922 pamoja na Otto Meyerhof wa Ujerumani kwa uchunguzi wao juu ya misuli, aliwapima wakimbiaji katika miaka ya 1920 na kuona kwamba huendelea kuvuta oksijeni nyingi kuliko kawaida hata wakiwa wamepumzika. Akaliita jambo hilo deni la oksijeni, na jina likashika. Tangu wakati huo imejulikana kuwa si lakteti pekee inayolipiwa. Noti ya soksi lazima irudishwe sokosini, damu na misuli zijaze tena oksijeni zilizopungukiwa, moyo bado unapiga kwa kasi, na mwili una joto la kutoa. Yote hayo yanadai pumzi. Nilimweleza binti yangu hivi: baba alikula kwa mkopo, sasa mwenye duka amekuja.

Hapa niitetee lakteti, maana imesingiziwa sana. Jumatatu nilishuka ngazi za ofisini nikishikilia ukuta, na mwenzangu akaniambia kwa uhakika kabisa, "Hiyo ni asidi imebaki miguuni." Si kweli. Ndani ya saa moja hivi baada ya mbio, lakteti huwa imerudi katika kiwango chake cha kawaida. Maumivu ya kesho na kesho kutwa hutokana na michubuko midogo mno ndani ya misuli iliyofanyishwa kazi isiyoizoea, nayo hupona yenyewe kwa siku chache.

Wala lakteti si takataka. Kumbuka kuwa ng'ombe aliuzwa kwa bei ya kuku. Maana yake thamani kubwa bado imo ndani yake. Moyo huichoma kwa furaha kama chakula. Misuli mingine huichoma pia. Inayobaki hupelekwa kwenye ini, ambalo huigeuza kuwa glukosi tena na kuirudisha kwenye damu. Mzunguko huo ulifafanuliwa na mtu na mkewe, Carl na Gerty Cori, waliopata Nobel mwaka 1947. Kwa hivyo ndani ya mwili, hata deni la kioski hugeuka mtaji. Laiti na mitaani ingekuwa hivyo.

Na yule mzee aliyenipita? Nilimtafuta baadaye kwenye foleni ya soda. Aliniambia kwamba kila alfajiri, kwa miaka mingi, hutembea na kukimbia polepole kabla jua halijatoka. Basi. Hakuna siri nyingine. Mwili unaozoezwa hivyo huongeza mitokondria ndani ya misuli, huongeza vimishipa vyembamba vya kufikisha damu, na moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Kwa lugha yetu, mshahara wake ni mkubwa na hutoka mapema, kwa hivyo kioskini haendi mara nyingi. Tena hakuanza kwa pupa. Mimi nilikopa kila kitu katika mita 200 za kwanza, yeye aligawa.

Hata mabingwa hawaepuki hesabu hii. Agosti 9, 2012, jijini London, David Rudisha aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 katika fainali ya Olimpiki kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Mzunguko wa kwanza aliukimbia kwa sekunde 49.28, wa pili kwa 51.63. Yaani hata Rudisha, siku aliyokimbia kuliko binadamu yeyote kabla yake, alipunguza kasi mzunguko wa pili. Ushindi wake ulikuwa kupunguza kidogo kuliko wengine. Aliyekuwa wa pili, Nijel Amos wa Botswana, kijana wa miaka 18, alianguka hoi baada ya kupita mstari. Wa tatu alikuwa Mkenya mwenzetu Timothy Kitum, mwenye umri wa miaka 17 tu, umri ambao binti yako ataufikia karibuni.

Mama Wanjiru, kuanguka nyasini baada ya mita 800, kwa hivyo, si dalili ya moyo kupasuka. Mtu anaposimama ghafla baada ya mbio kali, damu nyingi huwa imeshuka miguuni, na misuli iliyokuwa ikisaidia kuirudisha juu imetulia. Kichwa hupungukiwa na damu na kizunguzungu huja. Dawa yake ni kutosimama papo hapo. Atembee polepole dakika chache, mwalimu au mwenzake akimshika mkono ikibidi. Na kutapika? Wakati wa mbio kali damu huliacha tumbo na kwenda kwa misuli. Chakula kilichokuwemo hukosa wa kukishughulikia. Uliniambia alikula wali na maharagwe saa sita, na mbio zilikuwa saa saba. Hapo, samahani, kosa ni la ratiba.

Lakini sitaki usome haya ukamwachilia tu. Zipo dalili ambazo mzazi hapaswi kuzifanyia mzaha. Mtoto akizirai katikati ya mbio, badala ya baada yake, asikimbie tena mpaka daktari ampime moyo. Vivyo hivyo akilalamika kifua kinamuuma au moyo unaruka ruka anapokimbia, au ikiwa katika ukoo kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana bila sababu kujulikana. Kifua kikitoa sauti ya mluzi na pumzi kukwama, huenda ni pumu. Hiyo ina dawa, na wanariadha wengi wenye pumu hukimbia. Watoto wenye ugonjwa wa selimundu wanahitaji ushauri wa daktari wao kabla ya mazoezi makali, na mwalimu wa michezo aambiwe mapema, kwa maandishi.

Kuna jambo jingine ulilolitaja kwa kupitia tu, nami nikalishika. Ulisema siku hizi binti yako huchoka hata akipanda ngazi za ghorofa yenu ya tatu, mtoto ambaye awali alizipanda akiimba. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko kule kuanguka. Oksijeni haifiki kwenye misuli kwa miguu yake. Hubebwa na himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, na himoglobini hutengenezwa kwa madini ya chuma. Msichana aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi, bado anakua, na juu ya hayo anafanya mazoezi. Chuma kikipungua, damu hubeba oksijeni kidogo, mshahara unapungua, na misuli inakimbilia kioskini hata kwa kazi ndogo kama ngazi. Mtoto huonekana mvivu kumbe ana deni kila saa.

Nilikushauri umpeleke akapimwe damu kabla ya kubishana naye zaidi juu ya mbio.

Jumanne jioni Mama Wanjiru alinipigia simu, na ameniruhusu niandike. Daktari aliusikiliza moyo na kusema hausikii tatizo. Damu, hata hivyo, ilipatikana iko chini. Amepewa vidonge vya chuma, na amerudishiwa tarehe ya kupimwa tena baada ya mwezi mmoja. Kwa sasa anaruhusiwa mazoezi mepesi. Mashindano ya kaunti yatampita mwaka huu, na msichana amelia siku mbili, lakini kocha amemwekea nafasi yake ya muhula ujao. Chakula nacho kimebadilishwa: maini, omena, maharagwe, mchicha na mboga za kienyeji, pamoja na chungwa au limau, maana vitamini C husaidia chuma cha mboga na nafaka kuingia mwilini.

"Na ile habari ya chai?" akaniuliza. Nilimweleza kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia sehemu ya chuma isiingie kwenye damu, na katika nyumba zetu nyingi kikombe hukaa kando ya sahani kuanzia asubuhi hadi usiku.

Alinyamaza kidogo kwenye simu.

"Baba Achieng, umenikubalia mtoto akimbie, sasa unataka kuninyang'anya chai?"

Nikamwambia chai ibaki, ila isogezwe saa moja baada ya chakula.